Mwili Mkubwa, Moyo wa Woga

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Morogoro Mjini)

Najua klabu yenu ya afya imezoea mazungumzo ya malaria, UKIMWI na kipindupindu. Leo tutazungumza juu ya mbwa. Naona huko nyuma mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, lakini msikilize, maana ndani ya mazungumzo haya kuna ugonjwa ambao mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, karibu haiwezekani kabisa kumwokoa. Tena kuna habari ya kiumbe anayeogopa, na sidhani kama humu ndani kuna mtu ambaye hajawahi kuogopa.

Mmoja wenu ameniandikia swali kwenye karatasi. Anasema: "Nyumbani wanataka kuchukua mtoto wa mbwa wa aina kubwa kutoka kwa watu wanaookoa wanyama. Ni mwoga mno. Akiona mtu anajikunja kwenye kona na kutetemeka. Je, tumchukue?"

Swali ni fupi, lakini jibu lake ni refu. Tuanze mwanzo.

MBWA HUYU ANATOKA WAPI?

Hapa kwetu, Mji Kasoro Bahari, mbwa tunaowaona zaidi ni wale wa kawaida ambao watu huwaita mbwa koko. Ni mbwa hodari, wavumilivu wa jua na njaa. Lakini ukipita Kihonda au Kola utaona pia mageti yameandikwa MBWA MKALI, na nyuma ya geti kuna mbwa wa aina kubwa: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel ambaye asili yake ni Afrika Kusini, au machotara wao.

Mtu humnunua mbwa huyo akiwa mdogo, unaweza kumbeba mkononi kama mkate. Mwenyewe hajui kinachokuja. Dume la German Shepherd likikua linafika kilo 30 hadi 40. Rottweiler dume hufika kilo 50 au 60. Boerboel anaweza kuzidi hapo. Yaani ana uzito kuliko wengi wenu mliokaa hapa! Baada ya miezi michache sufuria ya ugali haimtoshi. Mwingine anahamishwa kikazi, hana pa kumpeleka. Mwingine alitaka mbwa mkali wa kulinda, akapata mbwa anayekimbilia uvunguni akisikia pikipiki. Basi mbwa anafunguliwa geti usiku, anaachwa barabarani.

Wako watu wanaookota mbwa wa namna hii. Nairobi kuna KSPCA, chama ambacho kazi yake ilianza mwaka 1910. Usa River, karibu na Arusha, kuna kituo kiitwacho Mbwa wa Africa. Unguja kuna ZAASO. Vituo hivi huwatibu wanyama, huwachanja, kisha huwatafutia nyumba. Hapa Morogoro hatuna sababu ya kulalamika kwamba wataalamu wako mbali, kwa sababu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha madaktari wa mifugo na kina hospitali ya wanyama. Ofisi za mifugo za Manispaa nazo zipo.

KWA NINI ANAOGOPA?

Watu wengi wakimwona mbwa mwoga husema, "Huyu alipigwa." Inawezekana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine: hakupigwa na mtu, ila hakumjua mtu.

Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi cha kuizoea dunia. Huanza akiwa na wiki kama 3, na huanza kufungwa akiwa na wiki 12 hadi 14. Ndani ya kipindi hicho, kila anachokutana nacho kwa upole anakiweka upande wa "haya ni mambo ya kawaida": mtu mzima, mtoto, mwenye kofia, mwenye fimbo, kuku, baiskeli, mvua juu ya mabati. Asichokutana nacho, baadaye atakiona kuwa ni hatari.

Mwaka 1961 watafiti wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walieleza jaribio lao la kulea watoto wa mbwa katika uwanja wenye uzio bila kuwazoesha watu. Baadhi yao walitolewa wiki moja tu ili wachezewe na watu, kila kundi kwa umri wake. Waliotolewa wakiwa wadogo walizoea. Walioachwa hadi wiki ya 14 bila kuzoeshwa waliendelea kuwakimbia watu, na kuwafundisha ikawa kazi ngumu. Hakuna aliyewapiga. Walicheleweshwa tu.

Sasa mfano wa hapa hapa kwetu. Nani hajasikia habari za panya wa APOPO pale SUA? Shirika hili lina asili ya Ubelgiji na limekuwa Morogoro tangu mwaka 2000. Linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya buku kwa kawaida ni mnyama wa usiku, mwoga, anayeishi shimoni. Anawezaje kutembea juani amefungwa kamba, katikati ya watu? Jibu ni malezi. Mara anapofumbua macho, wafundishaji huanza kumshika kila siku. Anazoeshwa sauti, harufu, magari na watu wengi. Akifanya vizuri anasikia mlio mfupi, kisha anapewa kipande cha ndizi. Hapigwi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Morogoro mwaka 2013, alikwenda Kambodia akagundua mabomu ya ardhini na mabaki mengine ya vita zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alikufa Januari 2022, na habari zake zilitangazwa dunia nzima.

Kama panya buku anaweza kulelewa akawa jasiri, mtoto wa mbwa naye ana matumaini. Ila lazima ujue umri wake. Mwenye wiki 9 bado dirisha liko wazi. Mwenye miezi 5 dirisha limeshafungwa. Utamfundisha, na atajifunza, lakini kwa miezi na subira nyingi, na huenda asiwe mchangamfu kama wengine. Ni afadhali uambiwe hivyo leo kuliko ukate tamaa kesho.

KABLA HAMJASEMA NDIYO

Kaeni kikao cha nyumbani. Baba, mama, bibi, dada wa kazi, wote. Jiulizeni maswali haya:

1. Nani atamlisha, kumsafishia na kumtembeza kila siku? Msijibu "sote", maana kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Na wewe ukienda bweni, nani atashika zamu?

2. Chakula, chanjo na dawa za minyoo vitatoka mfuko gani? Mbwa huyu anaweza kuishi miaka 10. Leo uko kidato cha pili. Hesabu mwenyewe utakuwa wapi.

3. Uzio upo? Mbwa mwoga akishtuka hukimbia bila kutazama anakokwenda, na barabara ya Msamvu haina huruma.

4. Nyumbani kuna watoto wadogo? Mbwa mwoga anayebanwa kwenye kona huuma, na mbwa mkubwa akiuma jeraha ni kubwa.

5. Majirani wanasemaje? Hapa mjini tunaishi Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta. Kwa Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mbwa wako asiende kulamba ndoo za jirani wala kulala kwenye baraza lake. Heshima hiyo haigharimu kitu. Na jirani naye ajue kuwa dini yake inafundisha kumhurumia mbwa. Habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu wengi wanaijua tangu madrasa.

Kama majibu ni mabaya, kataeni kwa adabu. Kumkataa mbwa usiyemweza ni afadhali kuliko kumchukua na kumtupa mara ya pili.

Kituo nacho kiulizeni maswali. Ana umri gani? Mama yake mlimwona? Alikuwa na tabia gani? Amechanjwa nini na lini? Kadi iko wapi? Asiwe ametengwa na mama yake kabla ya wiki 8. Na nendeni kumwona zaidi ya mara moja. Kaeni chini karibu naye, msimshike, muone kama udadisi unamshinda woga hata kidogo. Akinyoosha pua tu kunusa kiatu chako, hiyo ni habari njema.

SIKU ZA KWANZA

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu, jembe lisubiri! Watu wanaookoa mbwa wana kanuni yao ya kukadiria: siku 3 za kushangaa, wiki 3 za kuanza kuelewa ratiba ya nyumba, miezi 3 za kuona hapa ni kwao. Mwoga huchukua muda zaidi.

Tuseme jina lake ni Bosko. Bosko akifika, msiite mtaa mzima kuja kumtazama. Mtengenezeeni sehemu moja tulivu, yenye kivuli, isiyovuja, yenye gunia au nguo kuukuu ya kulalia na maji safi. Hiyo ni ngome yake. Akiwa humo, mtu yeyote asimtoe kwa nguvu, na watoto wasiingie.

Kisha fanya hivi. Kaa chini hatua chache kutoka kwake, umpe ubavu, usimkodolee macho. Soma kitabu chako cha Baiolojia kwa sauti ya kawaida. Tupa kipande kidogo cha chakula karibu naye, kisha endelea kusoma. Kesho rudia. Siku nyingine kipande kianguke karibu na wewe kidogo. Itafika siku atakula karibu na mguu wako, halafu kiganjani. Mguse kwanza kifuani au begani. Mkono unaotoka juu ya kichwa humtisha. Mguse kidogo, acha, umwone. Akisogea karibu, endelea. Akigeuka, acha. Mwache yeye awe mwenye kuchagua. Mbwa anayejua kuwa anaweza kuondoka ndiye anayethubutu kukaa.

Jifunzeni kusoma mwili wake. Mkia katikati ya miguu, masikio nyuma, kupiga miayo bila usingizi, kulamba midomo bila chakula, kugeuza kichwa, kuonyesha weupe wa macho, kuganda kama sanamu: yote hayo ni maneno. Anasema, "Naogopa, naomba nafasi." Asiposikilizwa anaunguruma. Asiposikilizwa tena, anauma. Watu husema mbwa aliuma ghafla, kumbe alishazungumza mara tano.

Vitu vya kumtisha mwoneshe kwa mbali. Kama anaogopa bodaboda, kaa naye mahali anapoisikia kwa mbali bila kutetemeka, umpe kitu kitamu. Baada ya siku kadhaa sogea hatua chache. Ukimpeleka siku ya kwanza stendi ya Msamvu "ili azoee", utamwongezea woga. Haba na haba hujaza kibaba.

Na jambo moja la utu uzima: msimfunge mnyororo kutwa nzima. Wako watu wanaoamini kuwa mbwa akifungiwa gizani ndipo anakuwa mlinzi mzuri. Anakuwa mbwa asiyemjua mtu, basi. Mbwa wa namna hiyo haoni tofauti kati ya mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Tena Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na ukatili kwa mnyama ni kosa.

CHAKULA NA MIFUPA YAKE

Mbwa wa aina ndogo humaliza kukua akiwa na mwaka mmoja hivi. Wa aina kubwa huendelea hadi miezi 18, hata 24. Muda wote huo mifupa na viungo vyake bado ni laini. Kwa hiyo:

Msimnenepeshe. Mtoto wa mbwa mkubwa akinenepa upesi, viungo vya nyonga na viwiko vinaharibika. Ukipapasa mbavu zake uzisikie, lakini zisichomoze.

Msimwongezee vidonge au unga wa madini ya chokaa bila daktari. Akiwa mdogo mwili wake hauwezi kuzuia madini yakizidi, na mifupa huota vibaya.

Msimkimbize nyuma ya baiskeli wala kumpandisha milima ya Uluguru akiwa na miezi 4. Matembezi mafupi na mchezo vinamtosha.

Chakula cha nyumbani kinafaa kikipangwa: ugali au wali uchanganywe na dagaa wasio na chumvi nyingi, nyama au utumbo uliochemshwa. Ugali mtupu haumjengi. Mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni msimpe, maana yanaweza kuwa na vifuko vya minyoo, baadhi yake huhamia kwa binadamu. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake.

Na unga wenye ukungu usisemwe "huu tumpe mbwa". Ukungu wa mahindi na karanga una sumukuvu, inayoharibu ini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi.

MINYOO NA CHANJO

Watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari wakiwa na minyoo kutoka kwa mama. Dawa huanza akiwa na wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2 hadi afike miezi 3, halafu kwa ratiba ya daktari. Minyoo hiyo inatuhusu. Mayai yake yakiingia mdomoni mwa mtoto, viluwiluwi huweza kusafiri hadi kwenye jicho. Viluwiluwi vya minyoo mingine, tegu la, hapana, ile tunayoiita safura, hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Ndiyo maana tunaokota kinyesi cha mbwa kila siku, tunavaa viatu, na tunanawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika.

Chanjo za magonjwa ya mbwa wenyewe, kama ule wa parvo unaomharisha damu, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa mara kadhaa. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kama kadi inavyosema. Hii ya mwisho nataka tuizungumze polepole.

KICHAA CHA MBWA

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Yaani wadogo zenu.

Virusi vinakaa kwenye mate. Vinaingia kwa kuumwa, kwa mkwaruzo, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Kisha husafiri taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi 2 au 3, na inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Kidonda kinapona, mtu anasahau. Dalili zikianza, kama kushindwa kumeza, kuogopa maji, kuchanganyikiwa, tumechelewa.

Lakini kabla ya hapo kinga ipo, tena ya zamani. Tarehe 6 Julai 1885 huko Ufaransa, Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto alipona. Leo chanjo ni bora na salama zaidi.

Hata jamii nzima inaweza kujikinga. Wataalamu wanasema mkichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Kisiwani Pemba chanjo ya mbwa iliukata ugonjwa huu mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena na kuenea. Mbwa wakachanjwa upya, na kufikia mwisho wa 2018 ukakatika. Kwa hiyo Bosko akichanjwa analinda mtaa mzima. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sikilizeni matangazo ya chanjo mtaani kwenu, na mumsaidie jirani kumpeleka mbwa wake.

UKIUMWA, SEMA SIKU HIYO HIYO

Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, awe mkubwa au mtoto, awe wa nyumbani au wa njiani:

Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Tazama saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani.

Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu wala dawa ya mizizi.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chanjo ni ya dozi kadhaa, maliza zote.

Mbwa akiwa hai na anajulikana, asiuawe. Afungiwe na aangaliwe kwa siku 10, na afisa mifugo apewe taarifa.

Sasa sikilizeni. Watoto wengi huficha. Alikuwa anamrushia mbwa mawe, au alipita njia aliyokatazwa, akaumwa. Anajua akisema atachapwa. Anafunga kitambaa, anavaa soksi ndefu, ananyamaza. Ana woga ule ule wa Bosko kwenye kona. Lakini woga huu unaua. Wewe ni kaka au dada mkubwa. Mwambie mdogo wako leo jioni, kabla hajaumwa: "Siku yoyote ukiumwa, njoo uniambie, sitakugombeza, tutakwenda wote." Na ukienda naye kwa mama, simama upande wake.

MASWALI YENU

Swali: Tukimgusa anaunguruma. Tumpige ili aache?

Jibu: Hapana. Mngurumo ni kengele. Ukimpiga utaondoa kengele, woga utabaki, na siku nyingine atauma bila kuonya. Rudini nyuma, muanze tena taratibu. Akiendelea, muoneni daktari wa mifugo, kwani huenda ana maumivu.

Swali: Baba anasema mbwa mwoga hafai kulinda, na kwamba akilishwa pilipili atakuwa mkali. Ni kweli?

Jibu: Pilipili itamchoma tumbo, basi. Mwambie baba kwa heshima kwamba mbwa wa kilo 40 akibweka mara mbili tu getini, mwizi hana muda wa kuuliza kama ni mwoga. Mbwa anayeipenda nyumba yake hubweka akisikia asichokijua. Hiyo inatosha.

Swali: Nitajuaje kama mbwa mwoga ana kichaa au ana woga tu?

Jibu: Tazama mabadiliko. Mwoga wa siku zote ni mwoga kwa mpango ule ule. Mwenye kichaa hubadilika: mpole anakuwa mkali, mwoga anawasogelea watu bila hofu, anauma mawe na vijiti, anadondosha mate, sauti inabadilika, anapepesuka. Ukiona hivyo usimsogelee, toa taarifa.

Swali: Mimi mwenyewe naogopa mbwa. Akinijia nifanye nini?

Jibu: Usikimbie, maana atakufukuza. Simama kama mti: miguu pamoja, mikono mwilini, macho chini. Usipige kelele. Akishanusa akaondoka, nawe ondoka polepole. Ukianguka, jikunje kama jiwe, mikono ifunike shingo na masikio.

Swali: Tukimhasi atapungukiwa nguvu?

Jibu: Hapana. Atapunguza kuzurura na kupigana. Na jike likifungwa kizazi, hamtapata watoto wa mbwa 8 wa kutafutiwa nyumba. Kwa aina kubwa, muulizeni daktari umri unaofaa, kwa sababu ya mifupa niliyoeleza.

Basi nirudi kwa aliyeandika karatasi. Kama nyumbani mmejibu yale maswali matano, kama kituo kimewapa kadi ya chanjo, na kama kuna mtu mmoja, labda ni wewe, aliye tayari kukaa chini kila jioni na kitabu chake bila kudai kupendwa wiki ya kwanza, mchukueni. Wiki hii nendeni mkamwone tena, mkiwa na dagaa wachache mfukoni. Siku ya kumleta, mpitisheni kwanza kwa daktari wa mifugo.

Na wengine wote, mkifika nyumbani leo, ulizeni jambo moja: mbwa wetu alichanjwa lini? Kama hakuna anayekumbuka, mmeshajua kazi ya Jumamosi.